Ndugu wa Chupa Moja

Watu waliponiuliza nafanya kazi gani kwa yule daktari wa Uzunguni, niliwajibu kwamba natunza stoo. Ilikuwa afadhali hivyo. Ningewaambia kweli, kwamba nalipwa mshahara kulisha vijinzi, mtaa mzima ungenicheka mpaka nihame Kariakoo. Na wangekuwa na haki yao. Watu wote wanapunga inzi kwa mapepeo, halafu mwanamume mzima, na kanzu yake na kofia yake ya kufuma, anawapikia uji!

Hawakuwa wale inzi wakubwa wa machinjioni. Vilikuwa vile vidogo vyenye macho mekundu, ambavyo ukiacha ndizi mbivu mezani asubuhi, adhuhuri vimeshakusanyika. Daktari alivitoa sokoni kwetu hapo hapo, kwenye mikungu ya ndizi. Akavifuga katika chupa za maziwa, chini uji wa ndizi, unga wa mahindi na hamira, juu kizibo cha pamba. Chupa zilijaa rafu tatu katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Asubuhi alikwenda hospitali ya serikali kutibu watu, jioni akarudi kwenye chupa zake. Hakuna aliyemtuma kazi ile, aliifanya kwa pesa yake.

Siku ya kwanza aliniinamisha kwenye hadubini. Nikaona buu, mweupe, unaweza kuona mpaka tumboni mwake. Ndani, karibu na mkia, palikuwa na donge jeusi kama punje ya ufuta.

"Hiyo ni saratani yake," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchonga. "Hakuambukizwa na mtu. Amezaliwa nayo, wazazi wake wamempa. Nataka kujua wanampaje."

Nikamuuliza kwa nini asiangalie watu, maana watu wenye saratani anao wodini. Akacheka. Akasema mtu akizaa leo, yeye daktari atakuwa amekufa kabla hajamwona mjukuu wa mtu huyo akizeeka. Lakini kijinzi huzaliwa, huoa na kuzaa katika siku kumi au kumi na mbili, kwa hiyo kabla miezi miwili haijaisha ameshawaona mpaka vitukuu. Kinachowapita wao upesi upesi, alisema, huenda ndicho kinachotupita sisi polepole.

Nilikuwa nimeinama bado, namwangalia yule buu, na nilikuwa namkumbuka mama yangu. Mama alikufa kwa uvimbe wa ziwa. Ulianza mdogo, ukawa mkubwa, ukapasuka, ukawa kidonda kisichokauka, na nyumba nzima ikawa inafukizwa udi mchana na usiku kwa ajili ya harufu. Nilikuwa mtoto, lakini harufu ile ninayo mpaka leo. Bibi yangu, mama yake mama, wanasema alikufa vivyo hivyo. Nyumbani tulikuwa tukisema ni husuda ya watu. Yule mzungu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba jambo kama lile linaweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto bila mtu yeyote kumtakia mwenziwe mabaya, na nilimchukia kidogo kwa kusema vile.

Aliyenilea baada ya mama ni dada yangu. Amenizidi miaka kumi na miwili, na wakati wa habari hizi alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka kumi na sita. Marehemu shemeji, Mwarabu wa Shihiri, alimwachia kiduka cha viungo na dawa za miti shamba katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mtaa wa pili kutoka sokoni. Dada alikaa nyuma ya pazia akapima, binti akatoa mkono dirishani akapokea pesa. Mimi nililala chumba cha uani. Dada alikuwa mtu wa maneno. Ukichelewa kurudi anakuuliza kama umeoa huko, ukiwahi anakuuliza kama umefukuzwa. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, na sikuwahi kumwambia, maana kwetu mambo hayo hayasemwi.

Siku moja, katikati ya Shaabani, aliniita uani nikanawe nile, na wali ulipokuwa bado mdomoni akasema, bila kunitazama, "Ile ya mama imenifika."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaweka vidole viwili juu ya kanga yake, upande wa kushoto, akaviondoa. "Kama punje ya kunde. Haiumi. Ya mama nayo haikuuma mwanzo."

Alfajiri ya kesho yake nilimpeleka hospitali kwa daktari mwanamke niliyeelekezwa na daktari wangu, maana dada asingekubali kuguswa na mwanamume. Mama yule alimpima nyuma ya pazia, akanitokea uso umekunjamana. Alisema ziwa likatwe, na likatwe sasa, donge lingali dogo na halijatambaa. Dada alilia njia nzima, tukavuka Mnazi Mmoja kwenye jua lile akiwa amejifunika gubigubi, watu wanatutazama. Siku tatu hakusema na mtu. Siku ya nne akapiga moyo konde, akaniambia, "Nitafunga kwanza Ramadhani yangu. Idi ikipita, nipelekeni wakanikate. Lakini nifunge kwanza." Daktari mwanamke hakupenda, ila akasema wiki chache si kitu, bora asibadili nia. Akaandika jina lake kwenye daftari.

Sasa niseme habari ya vijinzi, maana mambo haya mawili yalikwenda pamoja kama miguu miwili ya mtu mmoja, na mimi mpumbavu sikuona.

Daktari alikuwa na aina mbili za chupa. Za uzi mwekundu shingoni zilikuwa za ukoo wenye donge. Za uzi mweupe zilikuwa za ukoo mzima usio na kitu, wa kulinganisha. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuvinusisha dawa ya usingizi, kuvimwaga juu ya kigae cheupe na kutenga majike yaliyotoka usiku ule, kabla hayajaguswa na dume. Hiyo ilinipendeza, ni adabu. Kisha ndipo inakuja shughuli yenyewe. Ili ukoo wa uzi mwekundu usichafuliwe na damu ya nje, kila jike ilibidi nilitie katika chupa mpya pamoja na dume lililotoka katika chupa ile ile. Yaani kaka yake wa tumbo moja.

Haya, cheka. Wewe hukutiwa kazi ile. Mimi nimesomeshwa chuo cha Kurani, najua nani haolewi na nani, na mambo hayo kwetu si ya mzaha. Miezi sita niliwatia ndugu na ndugu kwa mikono yangu, kwa unyoya wa kuku, huku nasema astaghafirullahi kwa kila chupa. Nilijiambia ni wadudu, hawana dini. Nikirudi nyumbani, nikinawa kwa ajili ya sala, naona kama mikono haitakati.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, sikuweza tena. Saumu iko kinywani, halafu naingia chumba kile nikaoze kaka na dada? Asubuhi ya kwanza nilisimama na unyoya wangu muda mrefu. Kisha nikachukua dume kutoka chupa ya uzi mweupe, nikalitia kwa jike la uzi mwekundu, na kaka yake nikamtoa nje. Mtu baki na mtu baki. Nikaziba pamba, nikaandika kwenye kibandiko vile vile kama kila siku, kwamba ni wa chupa moja. Moyo ukatulia. Wallahi niliona nimefanya jambo jema, tena nikajisifu.

Nilifanya hivyo mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha sikuacha.

Daktari, wakati ule ule, alikuwa anajaribu dawa. Alikuwa akitia maji ya miti mbalimbali katika uji wa zile chupa nyekundu, aone kama donge litapungua. Alishajaribu mitatu bila kitu. Akaniuliza sisi watu wa pwani tunatumia nini kwa uvimbe. Nikamwambia shubiri. Kila nyumba inayo, wanawake huipaka kwenye ziwa kumwachisha mtoto kunyonya, na wazee huinywa kwa mambo ya tumbo na damu. Akaniagiza nimletee, nikamletea kutoka dukani kwa dada. Akanionya, nakumbuka neno kwa neno, "Tukibadilisha chakula, hatubadilishi kitu kingine chochote. Umeelewa?" Nikasema ndiyo, bwana. Nilikuwa nimeshaanza kubadilisha, na nikasema ndiyo, bwana.

Kizazi cha kwanza kilipotoka, hakuna buu hata mmoja mwenye donge. Daktari alihesabu mwenyewe, akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Kizazi cha pili, hakuna. Alikuwa mtu mkimya, lakini siku hiyo alinipa mkono.

"Usimwambie mtu," akasema. "Bado. Jambo kama hili linaweza kuwa si kweli."

Nilitoka pale mbio, na saumu yangu, nikakata Mnazi Mmoja kama mwizi. Nilimkuta dada anachagua mchele wa futari. Nikamwambia yote: wale wenye donge, shubiri, na sasa hawana. Nikamwambia, "Shubiri yako, dada! Ya dukani kwako!"

Aliweka ungo chini. Akanitazama hivi, akitafuta kama namtania. Kisha akajifunika uso kwa kanga akalia, na binti yake aliyekuwa jikoni akatoka mbio kudhani kuna msiba.

Idi ilipita. Hatukwenda hospitali. Nani akatwe ziwa na dawa imo kwenye kopo dukani kwake? Dada alikunywa shubiri asubuhi na jioni, akijipaka nyingine, na uchungu wake ulimfanya akunje uso mpaka tukamcheka. Daktari mwanamke alituma mtu mara moja, nikamjibu dada ana homa kidogo, tutakuja. Akatuma mara ya pili, nikajitia hamnazo. Kila nilipomuuliza dada vipi, alisema, "Linalainika." Nami nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini, na kwa kuwa kila siku chumbani kule naona chupa zile zimetakata.

Watu wengine wameniuliza, kwa upole, kama kweli sikujua. Nawajibu kwa hasira, maana swali hilo linanichoma. Sikujua. Kubadilisha madume nilikuona ni ibada yangu mimi na Mungu wangu, na shubiri niliiona ni kazi ya daktari. Haikunipitia kichwani kwamba mambo hayo mawili yamekutana ndani ya chupa moja. Lakini nilijua kwamba nimedanganya kwenye kibandiko. Hilo nililijua kila siku.

Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, homa ilinilaza. Wiki tatu na zaidi sikuinuka, dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipa uji kwa kijiko. Nilipopata nguvu nikaenda kazini nikitegemea fimbo. Daktari alikuwa chumbani, amekaa, hafanyi kitu. Alikuwa amezitunza chupa peke yake siku zote zile, kama alivyoniagiza mimi kuzitunza, jike na dume wa chupa moja.

"Yamerudi," akasema.

Nikainama kwenye hadubini. Buu, na donge jeusi. Nikatazama chupa nyingine, hakuna. Nyingine, hakuna. Nyingine, mawili, matatu. Uji ulikuwa mweusi kwa shubiri.

"Labda shubiri niliyotia ni ya zamani," akasema. "Labda imekufa nguvu. Niletee mpya. Au niambie, ulikuwa unafanya nini ambacho mimi sikufanya?"

Aliuliza hivyo tu, bila kunishuku, kama mtu anayemuuliza mpishi kipimo cha chumvi. Na pale pale nikaelewa. Nikashika rafu, chupa zikagongana. Alidhani ni homa, akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Hapa ndipo ninapojichukia. Sikusema. Nilirudi nyumbani nikamkuta dada na kikombe chake cha shubiri mkononi, nikapita nikaingia chumbani kwangu. Kesho yake sikusema. Kesho kutwa sikusema. Nilikuwa nahofia kazi, nahofia kuitwa mwongo na mzungu, nahofia zaidi macho ya dada. Siku tatu nilimwona akinywa kile kikombe, anakunja uso, anasema alhamdulillahi, na mimi mdomo nimeufunga. Usiniambie siku tatu si kitu. Mwenyewe nimejiambia hivyo mara nyingi sana, haisaidii.

Siku ya nne nilikwenda kwa daktari kabla hajatoka, nikamkuta anakunywa chai barazani, nikasema yote nimesimama. Ndugu na ndugu, Ramadhani, madume ya uzi mweupe, vibandiko vya uongo.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliweka kikombe chini, akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba bado mimi ni mtu wa kuelezwa. Akasema sikuponya kitu, wala shubiri haikuponya kitu. Donge lile halionekani mpaka buu alipate kwa baba na kwa mama pia. Akilipata upande mmoja tu, anakuwa msafi machoni, mzima kabisa, lakini analibeba ndani, na anaweza kuwapa watoto wake. Nilipoleta madume ya nje, nililifunika. Yeye alipowarudisha ndugu kwa ndugu, likajifunua.

"Kwa binadamu sijui kama ni hivyo," akasema. "Huenda ni vingine kabisa. Ndiyo maana nilikuwa nataka kujua."

Kisha akaniuliza, "Habari ya shubiri umemwambia nani?"

Nikatazama sakafu. Akaona usoni. Alikuwa anajua habari ya dada, maana ni yeye aliyenielekeza kwa daktari mwanamke. Akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Tangu lini? Tangu lini anakunywa?"

"Tangu Ramadhani, bwana."

"Mlete leo. Usiende kuchukua kofia. Nenda."

Nilimleta. Njiani nilimwambia tu kwamba daktari amesema aonekane. Daktari mwanamke alimpima muda mrefu nyuma ya pazia lile lile. Alipotoka, hakuwa na hasira kama nilivyotegemea, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema donge limekuwa kama ndimu, na limeshatambaa kwapani. Akasema watakata, lakini hawezi kuniahidi kitu. Akaniuliza kwa nini tulichelewa. Nikasema ni kosa langu, akadhani ni adabu za kiungwana, akanipigapiga bega.

Dada alikatwa kesho yake. Kidonda kilipona vizuri, akarudi nyumbani, akaanza tena kunichokoza, na kwa wiki kadhaa nilidhani Mungu ametusamehe. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, na hakuna aliyehitaji kunieleza.

Jioni moja aliniita chumbani. Alikuwa amelala ubavu, nikakaa chini kwenye mkeka. Akasema, "Sasa nieleze. Nimekunywa shubiri miezi minne na wale inzi wako wakapona. Mimi mbona sikupona?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni amri ya Mungu, na ni kweli ni amri ya Mungu. Lakini nilishachoka. Nikamwambia. Nilipofika mahali pa kuwatenga ndugu kwa ndugu, nikamwona mdomo unamcheza.

"Subiri," akasema. "Uliona aibu inzi kuoana kaka na dada?"

"Ndiyo, dada."

Akacheka. Alicheka kweli, mpaka maumivu yakamkamata akashika godoro kwa meno, na mimi nikacheka na kulia pamoja naye. Ilipopita akatulia, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Inzi umewaonea aibu," akasema polepole. "Mimi, dada yako, ukaniletea habari uliyokatazwa kuisema, na hukuona aibu. Ukajua ni uongo, siku tatu ukanitazama nakunywa, na hukuona aibu."

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe. Kaka nitampata wapi mwingine?" Akavuta kanga yake begani. "Lakini sitaki ufe na maneno haya kifuani mwako. Mwite mwanangu."

Nikajua anataka nini, nikamwomba asinitie kwenye jambo lile. Akanikatiza, "Mwite."

Binti alikuja akakaa mlangoni, mikono ina unga, maana alikuwa anasukuma chapati. Dada akasema, "Mjomba wako ana la kukwambia. Msikilize mpaka mwisho, usilie kabla hajamaliza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikianzia na bibi yake, na mama wa bibi yake, na vijinzi, na uongo wangu, na shubiri, na jinsi mama yake alivyochelewa kwa ajili yangu. Nilisema nikitazama mkeka. Hakulia. Nilipomaliza nikasikia kuni zinapasuka jikoni na mtu anapita nje anauza kahawa, anagonga vikombe vyake.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mjomba, na mimi ninacho?"

Nikainua macho. Alikuwa mtoto mzuri, mzima, shavu limejaa, hana hata kovu. Nimeangalia maelfu ya vijinzi vizima namna ile, vimetakata, na siku nyingine ndani yao kuna kitu na siku nyingine hakuna, na kwa jicho huwezi kujua. Maneno yalinijaa mdomoni, ya kumtuliza, ya inshallah, ya huna kitu mwanangu. Dada alikuwa amenikazia macho.

"Sijui," nikasema.

"Basi mwambie hivyo hivyo," dada akasema, akafumba macho. "Kila mwaka akikuuliza mwambie hivyo hivyo. Na kila mwaka mpeleke akaonwe."

Tulimzika Alhamisi iliyofuata.

Nimempeleka. Mwaka wa kwanza, wa pili, na hata alipoolewa, mumewe alipokataa nilimgombeza mpaka akaniachia. Tunavuka Mnazi Mmoja asubuhi, yeye amejifunika buibui, mimi mbele hatua mbili. Tukifika katikati ya uwanja huniuliza, kila mara, "Mjomba, umejua?" Nami humjibu sijui, tukaendelea kutembea.